Somo: Kumwimbia mtoto njiti akiwa bado wodini

Mama mwenye njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, huambiwa mengi asiyotakiwa kufanya. Kuimba anaweza, na hakuna cha kununua. Mimba ikifika wiki ya 25 hivi mtoto huanza kusikia, kwa hiyo aliyezaliwa wiki ya 30 sauti yako ameshaizoea. Sasa haisikii tena, na badala yake anasikia milio ya mashine usiku na mchana.

Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani kwa njiti 272 katika hospitali 11. Wimbo aliouchagua mzazi uliimbwa taratibu, kwa mwendo wa bembelezi. Mapigo ya moyo yalitulia, unyonyaji ukawa bora, na wazazi wenyewe wakapungukiwa na hofu. Ila tusidanganyane: wimbo hautibu mapafu. Oksijeni na dawa vibaki pale pale.

Hatua ya 1. Muulize nesi wa zamu. Mtoto aliyetoka kuchomwa sindano au ambaye hali yake inayumba, mwache apumzike kwanza.

Hatua ya 2. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, ndiyo huitwa kangaruu. Avae nepi, kofia na soksi tu, akae wima katikati ya matiti, kichwa kigeukie upande na shingo isikunjike, maana ikikunjika pumzi inabanwa. Funga khanga imara, ukingo wa juu uishie chini ya sikio lake. Hatua hii usiiruke hata kama kuimba huwezi. Utafiti wa nchi tano uliotolewa 2021, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuwa kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza kwa robo vifo vya watoto waliozaliwa na uzito mdogo.

Hatua ya 3. Anza kwa kuguna, mdomo umefungwa: mmm, mmm. Kifua chako kinatetemeka, naye anausikia mtetemo kwenye shavu. Kisha ingiza maneno ya wimbo mmoja mfupi, uurudie huo huo. Uwe wa Kidigo, Kibondei au Kisambaa, ule uliolelewa nao ndio wenyewe. Wataalamu wanashauri kelele za wodi ya njiti zisizidi desibeli 45, chini ya mazungumzo ya kawaida. Mwenzio wa kitanda cha pili akiyasikia maneno yako, punguza.

Hatua ya 4. Mtazame. Hapa ndipo penye kazi. Uso ukilegea, ngumi zikifunguka, pumzi ikienda sawa, endelea. Akitanua vidole vyote, akikunja uso, akipata kwikwi, akipiga chafya mfululizo au akigeuza kichwa, amechoka. Nyamaza, mkono ubaki mgongoni. Akibadilika rangi au akisita kupumua, mwite nesi hapo hapo.

Hatua ya 5. Dakika chache zinatosha. Malizia kwa kushusha sauti kidogo kidogo, usikate ghafla.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

*Shikamoo nesi. Mwanangu bado yuko kwenye inkubeta. Nimwekee simu pembeni na taarabu laini? (Mama wa Makorora)*

Marahaba mwanangu. Simu usiiweke, ndani wala juu yake. Lile kasha hukuza sauti. Hata kuweka chupa juu yake au kubamiza kidirisha kunamshtua. Na simu imebeba vijidudu. Nawa mikono, mwombe nesi akufungulie kidirisha, mshike kichwa na miguu kwa viganja, umgunie.

*Mama mkwe anataka asomewe Qur'ani. Inafaa? (Mama wa Pongwe)*

Inafaa kabisa. Asome mwenyewe kwa sauti ya chini, kanuni ni zile zile.

*Mimi ni baba, sauti yangu nzito. Nisije nikamtisha? (Baba wa Muheza)*

Humtishi, kaka yangu. Fungua shati, mpokee mama ale na alale kidogo. Sauti nzito ukiishusha vizuri, mtetemo wake kifuani ni mzuri mno.

*Ni kweli muziki unakuza ubongo? (Mama wa Pangani)*

Geneva, Uswisi, walitoa matokeo 2019: njiti waliosikilizishwa muziki maalumu wa kinubi, kengele na filimbi ya wacheza nyoka walionekana kwenye picha za ubongo kuwa na mawasiliano bora kati ya sehemu zake kuliko wenzao. Lakini hiyo haisemi atakuwa hodari darasani, na akija mtu kukuuzia CD ya akili usimpe hela yako. Nunua maziwa na matunda ule wewe, maziwa ya kifuani yapatikane.

*Nikianza kuimba nalia. Niache? (Mama wa Lushoto)*

Usiache, mama. Lia, halafu guna tu. Si lazima maneno.