Un-, in-, im-: namna ya kuyasoma maneno ya Kiingereza yanayokataa

Somo hili ni la tuisheni ya jioni hapa Ngamiani, Tanga, ambako wanafunzi wengi ni makarani wa mizigo bandarini. Kiingereza wanacho. Kinachowakwamisha ni un na in.

Hatua ya kwanza: kata kiambishi, tazama kilichobaki. Unhappy ukitoa un unabaki na happy, mwenye furaha. Basi unhappy ni asiye na furaha. Uncle ukikata unabaki na cle, ambayo si neno. Huyo ni mjomba tu, au baba mdogo; Waingereza hawabagui.

Hatua ya pili, na hapa tukae kidogo. Jiulize: kilichobaki ni sifa au kitendo? Kikiwa sifa, un inakanusha. Unsafe ni kisicho salama, unripe ni bichi. Kikiwa kitendo, un haikanushi, inatendua. Untie si kutofunga, ni kufungua. Unfold ni kukunjua. Unload ni kupakua. Sisi tunayo hiyo tangu zamani: ziba na zibua, tega na tegua, kunja na kunjua. Baharia hawezi kukunjua tanga ambalo halikukunjwa.

Sasa angalia karani anayeandika kwenye fomu kwamba magunia ni unloaded, akikusudia kuwa hayajapakiwa. Anayeipokea atasoma kwamba yameshashushwa, na ataanza kuyatafuta. Kwenye karatasi za mzigo andika not yet loaded, uepuke kesi.

Hatua ya tatu: in hubadilika kufuata herufi inayofuata. Mbele ya p, b na m huwa im: impossible, imbalance, immature. Mbele ya l huwa il, kama illegal. Mbele ya r huwa ir, kama irregular. Msishangae, nasi tunasema nyumba nzuri lakini nyumba mbaya. Ni ulimi unaojirahisishia kazi. In imetoka Kilatini. Un ni ya Kiingereza chenyewe na haibadiliki: unpaid, unlawful, unreal.

Dis haina makuu: disagree ni kutokubali, dishonest ni asiye mwaminifu.

Maswali

Shikamoo mwalimu. Import nikikata im nabaki na port, bandari. Ina maana "si bandari"?

Marahaba. Hapana, na swali lako limetoboa kile kipimo cha hatua ya kwanza. Im hiyo ni ya "ndani", na port hapo asili yake ni kubeba, kwa Kilatini. Import ni kuingiza, export ni kutoa nje. Important nayo haikanushi chochote. Kamusi iwe karibu.

Lori moja la mafuta limeandikwa flammable, jingine inflammable. Lipi linawaka?

Yote mawili! In hiyo imetoka kwenye inflame, kuwasha. Kisichoshika moto ni non-flammable. Hili neno naliona la hatari hasa, na maandishi mengi ya usalama siku hizi hutumia flammable kwa sababu hiyohiyo. Sigara izimwe mbali na malori yote mawili.

Kwa nini ni unable, halafu inability?

Sifa imechukua un ya Kiingereza, nomino ikabaki na in ya Kilatini. Ndivyo ilivyo pia kwa unequal na inequality, unjust na injustice, unstable na instability. Kanuni ya kuaminika sina ya kukupa. Kariri jozi kwa jozi.

Mwalimu, bosi wangu ameandika kwamba mchango wangu ofisini ni invaluable. Nianze kutafuta kazi nyingine?

Tulia. Invaluable ni chenye thamani isiyokadirika. Kisicho na thamani ni worthless. Chukua hiyo barua, kesho asubuhi nenda nayo ukaombe nyongeza ya mshahara.