Umecheza kikapu miaka kibao, sasa unataka kuwa kocha: anzia hapa

Niwaambie mapema wachezaji wenzangu wa Mtwara na Lindi mnaojipa moyo kwamba magoti yakigoma mtahamia tu benchi: kufundisha ni kazi nyingine kabisa, na wala haijali ulikua unafunga pointi ngapi. Mi nimecheza Dar miaka tisa nikarudi nyumbani Mtwara na begi la jezi na goti bovu, nikaambiwa kuna shule inatafuta mtu wa kuwanoa vijana, nikasema hii mbona ya kulala. Siku ya kwanza tu dogo wa form two akaniuliza, "Mwalimu, unajuaje mguu wa kurukia?" Nikabaki nimeshika mpira namuangalia. Leyapu, yani ule mpira wa kukanyaga hatua mbili ukaruka kufunga chini ya ringi, nimepiga maelfu ila sikuwahi kuijua kwa maneno, miguu ndo ilikua inajua, mi nilikua naifuata tu.

Kwahiyo kabla hujatafuta timu, chukua daftari na uende uwanjani peke yako asubuhi jua halijakolea. Fanya kila kitu taratibu, alafu andika mwili wako umefanya nini. Leyapu ya mkono wa kulia kwa mfano: unaokota mpira unakanyaga kulia, unakanyaga kushoto, unarukia kushoto huku goti la kulia linapanda pamoja na mkono. Sasa kumfundisha mtoto usianzie mwanzo, anzia mwisho. Msimamishe karibu na ringi upande wa kulia, mguu wa kushoto mbele, apandishe goti la kulia aguse kile kiboksi cha kwenye ubao kwa mpira (kama rangi imefutika, na kwetu mara nyingi imefutika, chora na chaki). Akizoea mrudishe hatua moja nyuma, aanze na kulia, kisha kushoto, aruke. Akizoea tena muongezee dribo moja. Mi nilikua nawaambia "kimbia ufunge" wanaparamia ringi kama wanagombania daladala, nilipogeuza hivo wiki mbili tu hata wale waliokua wanarukia miguu yote miwili wakakaa sawa.

Kitu cha pili ni macho, na hiki ndo kinawamaliza mastaa wengi. Mchezaji anaangalia mpira na mtu wake, basi. Kocha inabidi uangalie pale ambapo mpira haupo, yani senta wako (yule mrefu wa chini ya ringi) kafika kwenye ulinzi au anatembea, gadi (mpeleka mpira) wa upande wa pili kasimama kiuno juu, nani kashika kiuno anahema. Zoezi lake ni rahisi ila linaumiza: nenda kaangalie mechi yoyote, hata ya shule za msingi, jikataze kuangalia mpira kwa dakika kumi nzima, yani kota moja. Mwanzo utashindwa, shingo itakua inageuka yenyewe. Ukiweza utashangaa vitu ulikua huvioni miaka yote.

Na haya anza kabla hujastaafu. Kama bado unacheza, kaa karibu na kocha wako benchi, muulize kwa nini kamtoa fulani, jitolee kuandika takwimu, omba kusimamia mazoezi ya kupasha. Kuna watu wanadhani jina linatosha. Magic Johnson, mtu mwenye ubingwa wa NBA, ligi kubwa ya Marekani, mara tano, alipewa timu ya Lakers aifundishe mwaka 1994 akasimamia mechi 16, akashinda 5 akapoteza 11, akaachia ngazi. Upande wa pili yupo Erik Spoelstra ambaye NBA hajawahi kuicheza, alicheza kidogo Ujerumani alafu 1995 akaingia Miami Heat kwenye chumba cha video, kazi yake kukata mikanda ya mechi, 2008 akawa kocha mkuu, akabeba ubingwa 2012 na 2013. Sasa utasema mbona Steve Kerr hakua na uzoefu wa ukocha na msimu wake wa kwanza Golden State akachukua ubingwa 2015? Ni kweli, ila yule kacheza chini ya makocha wakubwa, Phil Jackson na Gregg Popovich, na kwa miaka yote ile hakua staa, alikua mtu wa benchi. Mtu wa benchi anaangalia mechi nyingi kuliko anazocheza. We uliyekua unasugua benchi usijidharau kabisa kwenye hili.

Makaratasi sasa. Nenda kwa afisa michezo wa halmashauri yako na kwenye chama cha kikapu cha mkoa, waachie namba, maana kozi za TBF, shirikisho la kikapu la Tanzania, zikitangazwa huku kusini taarifa inachelewa na mwenye namba ndo anapigiwa. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, nao wana mfumo wao wa kozi za makocha wenye ngazi tatu. Ukitaka kusoma kabisa kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kule Kwimba, Mwanza, mbali ndio, lakini cheti chake kinakufungulia mashuleni. Ila ushauri wangu ambao wengi wanaupuuza: soma na urefa uzijue sheria, hata kama hutapuliza filimbi. Jason Kidd alistaafu kucheza 2013 na mwaka huohuo akawa kocha wa Brooklyn, siku moja mechi inaisha hana taimauti (ile ruhusa ya kocha kusimamisha mchezo) akamwaga kinywaji uwanjani makusudi ili mchezo usimame, ligi ikampiga faini ya dola 50,000. Kwa sheria za FIBA unazo taimauti mbili kipindi cha kwanza na tatu cha pili, za kwanza usipotumia zinaondoka hazihamii, na kwenye zile tatu dakika mbili za mwisho unaruhusiwa mbili tu. Kumbe kuna makocha huku wanaficha zote tatu za mwisho kama akiba ya chakula alafu meza inawakatalia wanaanza kugombana na refa!

Timu ya kwanza usitafute klabu, tafuta shule. Watoto wapo, uwanja hata kama ni wa sementi iliyopasuka upo, na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya sekondari, inakupa kalenda ya kujiandalia. Nenda kwa mkuu wa shule kwa adabu, ongea na mwalimu wa michezo usimpite kichwani, kama ni timu ya wasichana omba mwalimu wa kike awepo mazoezini kila siku na wazazi wajue ratiba, hili halina mjadala. Utapewa watoto 25 na mipira miwili, mmoja umevimba kama papai. Usipange mstari mmoja mrefu watu wanasubiri zamu wakipiga soga. Wagawe vituo vinne: viwili vina mpira, cha tatu wanateleza miguu ya ulinzi bila mpira, cha nne wanafanya miondoko ya skrini (kumzibia mlinzi njia kwa mwili ili mwenzako apite) na kukata kwenda ringini, dakika sita sita kisha mnazunguka. Dakika tisini zinatosha, na ratiba iwe kwenye karatasi mfukoni, sio kichwani.

Alafu upepo. Hakuna kitabu kitakachokuambia hili, ila viwanja vyetu ni vya wazi, kusi ikianza kupiga kutoka baharini shuti la kona linaondoka mkononi zuri linaishia pembeni ya ubao. Mwanzo nilikua nagombeza watoto kwamba hawana mikono. Siku nikapiga mwenyewe mara kumi zikaingia mbili. Tangu hapo miezi ya kusi tunapiga kwa kutumia ubao zaidi na tunaingia ndani, mashuti ya mbali tunayafanya asubuhi upepo haujaamka. Wageni wakija wanatafuta mashuti ya pointi tatu tu, sisi tumekaa chini ya ringi.

Kuhusu hela nitasema kifupi maana hamna raha. Msimu wangu wa mwisho kama mchezaji klabu haikunilipa, iliniambia nivumilie, bado navumilia mpaka leo, kwahiyo kwenye ukocha nilikua nimeshaerevuka: makubaliano yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari, nauli na posho viwe mistari miwili tofauti, na usiache shughuli yako nyingine miaka miwili mitatu ya mwanzo. Mi nina bodaboda na kibanda cha soda. Jioni nafunga kibanda naenda uwanjani, mteja akinikosa anajua nilipo, anakuja kuchukulia soda hukohuko.

Na kalenda ya huku iheshimu. Korosho zikianza kuanguka, kuanzia mwezi wa kumi hivi, nusu ya timu inakwenda shamba na wazazi, hata ukisema utamfukuza mtu utabaki na mipira yako miwili. Mi nilifukuza mmoja mwaka wa kwanza, mrefu kuliko wote, mama yake akaja na ming'oko (viazi vyetu vya porini) ya kuchemsha kwenye mfuko, tukakaa tukaila, akaniuliza, "Sasa mwalimu, ulitaka korosho aokote nani?" Kijana akarudi jumatatu yake. Siku hizi miezi hiyo nafanya mazoezi mara mbili kwa wiki, jumamosi na jumapili jioni, anayekuja anakuja. Ila minada ya korosho ikishalipa ndo wakati wa kuitisha kikao cha wazazi kuhusu jezi na raba, kwasababu mzazi aliyekuambia mwezi wa nne hana kitu, mwezi wa kumi na mbili atakuuliza bei. Saizi za miguu pima siku hiyohiyo ya kikao, usitumie zile ulizoandika mwanzo wa mwaka, miguu ya form one inakimbia kuliko wenyewe.