Mkonge unastahimili jua, nyasi zinaushinda

Kiangazi kikikaza, mahindi hukauka na mkonge ukabaki wima, majani yake mazito kama siku zote. Hapo ndipo mkulima mgeni hujidanganya kuwa zao hili halitaki matunzo, akaliachia shamba liwe pori.

Siri yake ni kwamba mkonge hupumua usiku. Mchana vitundu vya jani hufungwa maji yasipotee. Usiku, kukiwa na baridi, hufunguka na kuvuta hewa ambayo mmea utaitumia kutengeneza chakula jua likichomoza. Jani nalo limepakwa nta na lina unene wa kutunza maji. Lakini mizizi mingi haiendi chini sana. Inatafuta maji na mbolea palepale nyasi zinapotafuta, na mche mdogo hauwezi kushindana nazo. Kwa hiyo miaka miwili ya mwanzo ni ya palizi, hakuna njia ya mkato.

Panda kwa mistari pacha: mita 4 kati ya jozi na jozi, mita 1 kati ya mistari miwili ya jozi, na sentimita 80 kati ya mche na mche. Ekari moja itabeba miche kama 2,000. Ile njia pana ipandie maharage au mahindi wakati mkonge ungali mdogo, ila yasisogelee mashina. Epuka bonde linalotuamisha maji, hasa ukipanda chotara 11648, aina ya mkonge iliyozalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga. Huoza kirahisi penye maji.

Kukata ndiko kunakoharibu mashamba mengi. Kata majani ya chini yaliyokomaa, uache yasiyopungua 20 juu. Ukikata kwa tamaa leo, majani yajayo yatakuwa mafupi na membamba. Vaa glavu na mikono mirefu: utomvu unawasha vibaya, na mwiba wa ncha hauna huruma na jicho.

Singa, yaani nyuzi za mkonge, ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Hutoka kamba, magunia, mazulia, brashi, na huimarisha dari za jasi. Mabaki yaliyosalia watu huyatupa, na mimi naona huo ni upotevu. Hale, wilayani Korogwe, yamewahi kuzalisha gesi na umeme. Kwako wewe yarudi shambani yakishaoza, kwa sababu mkonge hula chokaa na potasiamu nyingi ardhini. Mlingoti, shina refu la maua linalochomoza mara moja tu kabla mmea haujafa, ni nguzo nyepesi ya kujengea.

Kabla ya kununua miche, ulizia korona, mashine ya kutoa singa kwenye majani, iko umbali gani na inachukua majani ya wakulima wadogo kwa masharti gani. Jani lililokatwa likilala siku kadhaa hukauka, na singa yake haitoki vizuri.