Muwasho wa ngozi: pa kuanzia, na wapi sindano za Kichina zinasaidia

Kabla hujanunua chochote, chunguza tabia ya muwasho wako. Ukizidi usiku, ukakaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, na nyumbani kuna mwingine anayejikuna, huo huenda ni upele wa kuambukiza. Wadudu wake wamo ndani ya ngozi, na hakuna sindano wala mafuta ya nazi yatakayowatoa. Watu wote wa nyumbani wapakwe dawa ya upele siku moja, kuanzia shingoni hadi nyayoni, hata wasiowashwa, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Fuata marudio aliyokuelekeza mfamasia. Yakishaisha, muwasho unaweza kubaki wiki 2 hadi 4 bila maana kwamba dawa imeshindwa.

Mabaka yanayovimba ghafla kama umeguswa na upupu, kisha yakahama ndani ya saa 24 bila kuacha alama, mara nyingi ni mzio. Mtu mzima humeza setirizini, kidonge cha mzio, miligramu 10 mara moja kwa siku. Piriton nayo hufanya kazi, ila huleta usingizi, kwa hiyo usiimeze kisha ukapanda bodaboda. Midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Ngozi kavu, nene na ya kukwaruza kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, inayopoa na kurudi mwaka hadi mwaka, ndiyo pumu ya ngozi. Ngozi ya namna hii haishiki maji. Maji yanatoka, viwashi vinaingia, mtu anajikuna, ngozi inachanika, na mchaniko wenyewe unaleta muwasho mpya. Ndiyo maana mafuta yanatangulia dawa zote.

Oga dakika 5 hadi 10 kwa maji ya vuguvugu. Weka kando dodoki, sabuni yenye manukato na maji yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu. Jikaushe kwa kugusisha taulo bila kusugua, na ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na unyevu, pakaa mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu, ukifuata upande vinyweleo vinakolalia. Wengi hukosea kwenye kiasi. Mtu mzima aliyeathirika mwili mzima huhitaji gramu 250 hadi 500 kwa wiki, kwa hiyo kikopo cha gramu 50 kikikaa mwezi, hujapaka. Mafuta ya nazi safi yanafaa, lakini ya zeituni tunashauri uyaache kwa sababu hudhoofisha ngozi.

Palipowaka nyekundu panahitaji krimu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza mwako wa ngozi, na haidrokotizoni ya asilimia 1 ni pa kuanzia. Ikamulie kwenye kidole cha shahada, kuanzia ncha hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo ni nusu gramu, inayotosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Acha nusu saa ipite kati ya krimu hii na mafuta. Usitumie mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali isiyoandikwa kwenye kopo, muwasho hutulia siku chache, kisha ngozi inakonda na kuwaka upya ukiiacha. Palipotoa usaha au maganda ya manjano pameingia vijidudu, hivyo onana na daktari.

Sasa sindano za Kichina, yaani akupancha: sindano nyembamba zinazochomwa kwenye sehemu maalumu za mwili. Haziponyi mzio wenyewe, zinapunguza muwasho. Kwa mafua ya mzio, jaribio la Ujerumani lenye wagonjwa 422, lililochapishwa 2013, lilionyesha nafuu baada ya sindano za mara 12 katika wiki 8, lakini kufikia wiki ya 16 tofauti ilikuwa imetoweka. Kwa ngozi, majaribio ni madogo zaidi.

Sehemu zinazotumika sana ni mbili. Quchi: kunja kiwiko pembe mraba, iko upande wa nje, pale mkunjo unapoishia, kabla ya kufika mfupa. Xuehai: kaa, funika pia ya goti la kulia kwa kiganja cha kushoto, ncha ya gumba inatua kwenye sehemu hiyo, kwenye mnofu wa ndani ya paja. Unaweza kuzibonyeza mwenyewe. Katika jaribio dogo la 2012, wagonjwa walibonyeza Quchi dakika 3, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 4, na muwasho ukapungua. Usibonyeze palipochubuka.

Ukienda kliniki, sindano ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako na itumike mara moja tu. Kula kabla, ulale wakati wa tiba, maana wengine huzirai. Taja mapema ujauzito, dawa za kuzuia damu kuganda, na ugonjwa wowote wa damu. Sindano hukaa dakika 20 hadi 30, na unachohisi ni uzito au ganzi. Maumivu makali yakitokea, sema ichomolewe.

Wiki moja kabla ya kuanza, andika kila usiku muwasho wako kwa alama 0 hadi 10, na uendelee hivyo. Baada ya mara 6, alama zisiposhuka, fedha hiyo inunue mafuta.