Kisamvu cha Nazi kwa Mlo wa Krismasi

Mvua za vuli zinapochipuza mihogo pwani ya Tanzania, kisamvu hustahili nafasi kando ya pilau la sikukuu. Kwa watu 12 hivi, tafuta kilo 2 za majani machanga, ondoa vikonyo, kisha uyatwange kinuni pamoja na kitunguu saumu hadi yalainike kabisa. Kisamvu kilichosagwa kwa mashine sokoni kinafaa pia, ingawa cha kinu, kwa maoni yangu, kina ladha bora. Majani hayo hayaliwi mabichi, kwa kuwa yana sumu ya sayanidi inayopunguzwa kwa kutwangwa na kuchemshwa. Kwa hiyo yachemshe katika maji mengi, sufuria ikiwa wazi, kwa muda usiopungua saa 1.

Zikune nazi 3, ukamue tui zito na kuliweka kando, kisha uongeze maji ya vuguvugu ukamue tui jepesi. Tui jepesi hutangulia, pamoja na vitunguu, nyanya chungu, chumvi na kunde zilizokwisha kuiva. Tui zito huingia mwishoni kwa moto mdogo, na hapo mpishi asiondoke jikoni, kwa sababu lisipokorogwa mfululizo hadi lichemke litakatika na mafuta yatajitenga. Pilipili mbuzi iwekwe nzima juu, isipasuke, ili watoto nao wale.

Wageni wakiwa wengi, chemsha kisamvu siku ya mkesha, ukihifadhi kwenye friji, na tui ulitie siku yenyewe.