Somo: Kupima, Kukarabati na Kuongeza Nguvu za Subaru Impreza WRX ya Turbo

Somo hili linawahusu wenye Subaru Impreza WRX ya umbo la GDA, lililotengenezwa kati ya mwaka 2000 na 2007, pamoja na wenye Forester SG5 ya turbo (feni inayozungushwa na moshi wa egzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), kwa kuwa magari hayo mawili yana injini ya jamii moja: EJ205, yenye ujazo wa cc 1,994 na silinda 4 zilizolala mbili kulia na mbili kushoto. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliingiwa na mapenzi ya Impreza tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, na mapenzi hayo ndiyo yanayotufanya tununue egzosi kubwa kabla ya kununua hata kipimo cha mgandamizo wa silinda. Injini nyingi za aina hii nilizozifungua zilikuwa zinaumwa kabla mwenyewe hajaongeza chochote. Nguvu mpya iliharakisha maziko tu. Kwa hiyo mpangilio wa hatua zifuatazo usigeuzwe, hata kama hatua ya mwisho ndiyo iliyokuleta hapa.

Hatua ya kwanza: lijue gari ulilonunua

Kama gari lilitoka mnadani Japani, tafuta karatasi yake ya mnada, kwani gredi ya R au RA humaanisha kwamba liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Kisha fungua boneti utafute mkono wa mtu aliyekutangulia: chujio la hewa lisilo la kiwandani, mipira ya vakyumu ya rangi rangi, nyaya zilizoungwa na kuzungushiwa utepe, au kifaa cha kudhibiti msukumo wa turbo kilichosahauliwa nyuma ya dashibodi.

Gari langu la kwanza la namna hii lilinifunza jambo hilo kwa gharama. Fundi mmoja alibadilisha mipira midogo iliyochakaa kati ya turbo, westigeti (mlango unaopitisha moshi kando ili turbo isisukume kupita kiasi) na vali ya umeme inayodhibiti msukumo, akaitupa ile ya zamani pamoja na kipande kidogo cha chuma chenye tundu jembamba kilichokuwa ndani yake. Kipande hicho hupunguza hewa inayokwenda kufungua westigeti. Kisipokuwepo, westigeti hufunguka mapema na gari huwa zito kama ngamia aliyeshiba. Mimi nililaumu turbo, nikanunua nyingine, na uzito ukabaki palepale. Kabla ya kutupa mpira wowote wa injini hii, ukamue kwa vidole uhisi kama kuna kitu kigumu ndani.

Hatua ya pili: oili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo magari mengi yanapopotea. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku ukielea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili hiyo hiyo ndiyo inayolinda beringi za krenki (mhimili mkuu wa injini), ambazo katika injini hii ni nyembamba kwa sababu krenki yenyewe ni fupi. Pima oili kila unapojaza tangi la petroli, asubuhi injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare, kwani kijiti cha kupimia cha Subaru hudanganya sana injini ikiwa imetoka kuzimwa. Upande mmoja wa kijiti unaweza kuonyesha oili imejaa na upande wa pili ikaonyesha imepungua, na ukiona hivyo amini ule wa chini. Umbali kati ya alama ya chini na ya juu ni takriban lita 1, kiasi ambacho injini iliyochoka inaweza kukila katika safari moja ndefu. Badilisha oili na chujio lake kila kilomita 5,000 au kabla ya hapo. Kwa joto letu mimi hutumia 5W-40 ya sintetiki.

Kuna sehemu mbili ambazo mafundi wa haraka hawazigusi. Ya kwanza ni kichujio kidogo cha wavu kilichofichwa ndani ya bolti yenye tundu, kwenye bomba linalopeleka oili kwa turbo. Kikiziba kwa masizi, turbo hufa kwa kiu ilhali kijiti kinaonyesha oili imejaa. Kifungue, kisafishe au ukibadilishe, na uweke washa (pete za kuzuia uvujaji) mpya. Ya pili ni bomba la kufyonzea oili ndani ya sampu (beseni la oili chini ya injini), ambalo huweza kupata ufa mahali lilipochomelewa, likaanza kuvuta hewa pamoja na oili. Sampu ikishushwa kwa sababu yoyote ile, weka bomba jipya bila mjadala.

Hatua ya tatu: mgandamizo wa silinda

Pasha injini moto hadi kiwango cha kazi, ondoa fyuzi ya pampu ya petroli, kisha toa plagi zote 4. Kazi hiyo ni ya kubanana, na utalazimika kuondoa betri upande mmoja na boksi la chujio la hewa upande wa pili. Msaidizi akanyage mafuta hadi mwisho huku akizungusha stata, nawe usome kipimo cha kila silinda. Injini ya EJ205 yenye afya husoma takriban kilopaskali (kPa, kizio cha shinikizo) 1,000 hadi 1,180 usawa wa bahari, na Arusha au Nairobi namba hizo hushuka kwa sababu hewa ya kule ni nyepesi. Ndiyo maana tofauti kati ya silinda na silinda hunisumbua kuliko namba yenyewe: tatu zikisoma 1,050 na moja ikasoma 850, hapo kuna ringi, vali au pistoni yenye tatizo.

Silinda namba 1 na 3 ziko upande wa kulia wa gari, yaani upande wa dereva kwetu, na namba 2 na 4 ziko kushoto. Ya 4, iliyo nyuma kabisa karibu na ukuta wa kabati la abiria, ndiyo inayotangulia kuumia mara nyingi, na ugonjwa wake wa kawaida ni kuvunjika kwa ukingo wa pistoni unaoshika ringi.

Hatua ya nne: mkanda wa taimingi

Mkanda huu huunganisha krenki na kamshafti, yaani mihimili inayofungua vali. Kama huna ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Kiwango ni kilomita 100,000, na mkanda ukikatika vali hugongana na pistoni. Badilisha pamoja na puli zake, kikaza mkanda na pampu ya maji. Unapolinganisha alama, tumia mistari iliyochongwa kwenye puli na usifuate mishale, kwa sababu mishale iliwekwa kwa kazi nyingine, nayo imeshaharibu hedi (vichwa vya silinda) nyingi. Kamshafti za upande wa kushoto husukumwa na springi za vali, hivyo zinaweza kuruka ghafla mkanda ukitolewa. Zishike kwa spana na uzizungushe polepole, kwani zikizungushwa ovyo vali za kuingiza na za kutoa hewa hugusana zenyewe kwa zenyewe.

Hatua ya tano: hewa inayovuja

Sensa ya hewa iko mara baada ya chujio. Hewa yoyote inayoingia kupitia ufa ulio kati ya sensa na turbo haihesabiwi na kompyuta ya injini, petroli haiongezwi, na mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa mkavu, yaani wenye petroli pungufu, wakati ambao injini inahitaji petroli zaidi. Kagua bomba la kuingizia hewa kwenye turbo, lile lililojificha chini ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), maana hupasuka mahali ambapo jicho halifiki. Kwa upande wenye msukumo, ziba mdomo wa bomba, ingiza hewa ya kompresa kwa kiasi kidogo, na upake maji ya sabuni kwenye maungio.

Hatua ya sita: sasa ongeza nguvu

Kitu cha kwanza kununua ni sensa pana ya oksijeni pamoja na saa yake, ili uone mchanganyiko ulivyo turbo inaposukuma. Gari likitembea taratibu, uwiano wa hewa na petroli huwa karibu 14.7 kwa 1. Likisukumwa kwa nguvu zote, nataka kuuona ukiwa karibu 11 kwa 1, na ukipanda kuelekea 13 naondoa mguu.

Baada ya hapo egzosi pana na upangaji upya wa kompyuta viende pamoja, siku moja, kwenye gari moja. Egzosi iliyofunguka huifanya turbo izunguke kwa wepesi kiasi kwamba westigeti ya kiwandani inaweza kushindwa kuizuia, msukumo ukapita kiwango na kompyuta ikakata petroli ghafla. Mpangaji anayeijua kazi yake atasoma kumbukumbu za kompyuta kwa kebo ya Tactrix na programu kama RomRaider, na jambo la kwanza atakalolitafuta ni kile kizidisho cha taimingi ya kuwasha plagi kinachoitwa IAM. Katika kompyuta za awali za GDA kikiwa kamili husoma 16, na katika za baadaye husoma 1. Kikiwa chini ya hapo, kompyuta imesikia kugonga na inarudisha taimingi nyuma ili kujiokoa, na gari la namna hiyo halipaswi kuongezewa chochote hadi sababu ijulikane.

Neno hili "kugonga" huleta mkanganyiko. Kwenye gereji zetu injini "iliyonoki" ni ile ambayo beringi zake zimekwisha na inapiga kelele kama nyundo. Kugonga ninakokusema hapa ni mchanganyiko uliobaki ndani ya silinda kulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, jambo ambalo huenda usilisikie kabisa kwa sikio. La pili huzaa la kwanza. Petroli dhaifu ndiyo mchochezi mkubwa: gari hili lilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa viwango vyao haishuki chini ya okteni (kipimo cha uwezo wa petroli kuhimili kugonga) 96 na mara nyingi huuzwa ikikaribia 100. Basi lipangwe kwa petroli utakayoijaza wewe kila wiki, hata kama hilo litakunyima nguvu kiasi.

Breki, tairi na rejeta ziwe zimeshughulikiwa kabla ya hapa. Sina la kuongeza juu yake.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Arusha:* Shikamoo fundi. Dar es Salaam saa ya msukumo ilikuwa ikifika juu, lakini nikirudi nyumbani inashuka na gari linachelewa kuamka. Je, turbo imechoka?

Marahaba. Inawezekana haijachoka hata kidogo. Usawa wa bahari hewa ina shinikizo la kPa 101, na huko kwenu ni kama 86. Ili kufikisha kPa 180 ndani ya manifoldi, turbo ya Dar es Salaam huzidisha hewa mara 1.8, na ya kwako huizidisha mara 2.1, kwa hiyo inazunguka kasi zaidi na kutoa hewa yenye joto zaidi. Kompyuta ya kiwandani inalijua hilo na hushusha lengo la msukumo mlimani. Usikubali mtu akuongezee msukumo ili saa isome kama ya Dar es Salaam.

*Mwanachama wa Nairobi:* Ninataka vali inayotoa ule mlio wa "pshhh" ninapobadilisha gia. Ina ubaya gani?

Vali ya kiwandani huirudisha ile hewa kwenye bomba kabla ya turbo, kwa sababu sensa imekwisha kuihesabu. Ukiitoa nje, kompyuta humwaga petroli ya hewa ambayo haipo tena, na kila unapoachia mafuta mchanganyiko hulowa, yaani petroli huzidi. Plagi huchafuka, katalisti (kisafisha moshi cha egzosi) huumia, na gari huweza kuzima unapokaribia taa za barabarani. Nguvu haiongezeki. Mlio ni mtamu, hilo nakubali.

*Mwanachama wa Mwanza:* Kaka, je, nifunge kile kifaa kinachoiacha injini ikiunguruma baada ya kuchomoa ufunguo?

Si lazima, ndugu yangu. Turbo hii hupozwa kwa maji pia, na tangi dogo la maji limewekwa juu yake ili maji ya moto yapande yenyewe na mengine yashuke hata injini ikiwa imezimwa. Dakika chache za mwisho za safari endesha kwa upole, kisha zima. Ukiwa umetoka kuukwea mlima kwa kasi na unasimama palepale, iache ingurume kwa dakika moja.

*Mwanachama wa Tanga:* Gari langu linachemsha likiwa kwenye mwendo mkali tu, na kwenye chupa ya akiba naona mapovu. Fundi amebadilisha thamostati mara mbili, lakini hali ni ileile. Nifanye nini?

Mapovu yakiendelea baada ya mfumo kutolewa hewa vizuri, shuku gasketi ya hedi. Kwanza hakikisha hewa imetoka kweli: inua pua ya gari, fungua skrubu ya hewa iliyo juu ya rejeta, jaza maji ya kupozea polepole kupitia lile tangi la juu hadi yatoke bila mapovu, kisha funga. Mapovu yakirudi, tafuta kile kipimo cha kemikali ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa tangi. Ikigeuka njano, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hapo injini itashuka, hedi zote mbili zipelekwe kukaguliwa unyoofu na kusawazishwa, na gasketi zifungwe mpya pande zote mbili hata kama ni upande mmoja tu uliovuja. Usiliendeshe hadi Dar es Salaam kutafuta maoni mengine. Lipakie kwenye lori.