Jinsi ya kuanzisha ligi ndogo ya raga ya wachezaji 13 huku Western na iishe msimu

Mkitaka kuanzisha ligi ya raga ya 13 (rugby league) huku kwetu magharibi mwa Kenya tafadhali msianze na kombe. Najua ndio kitu ya kwanza watu hufikiria, kombe na jezi na jina kubwa la ligi, lakini ligi ndogo inauawa na wokova, yaani timu moja kukosa kuja na nyingine kupewa ushindi bila kucheza, na wokova inaletwa na nauli. Timu moja inakosa gari Jumamosi, wenzao wamengoja uwanjani na jezi mwilini mpaka saa tisa, wiki inayofuata hao waliongojeshwa nao wanasema hata sisi hatuendi, na hapo ligi imekwisha hata kama hakuna mtu ametangaza. Kwa hivyo kila kitu naandika hapa kinazunguka hapo tu, vile mtahakikisha mechi iliyopangwa imechezwa.

Anzeni na timu nne. Nne zikicheza nyumbani na ugenini ni mechi 12 kwa Jumamosi 6, inaingia ndani ya miezi miwili na bado mnabaki na wikendi za kuahirisha, na mtazihitaji, kwa sababu huku Jumamosi ni siku ya mazishi na huwezi kuambia kijana aache kuzika mjomba wake aje kupiga takli, yaani kushika na kuangusha mwenye mpira. Timu sita ni mechi 30 kwa Jumamosi 10, hiyo muiache mpaka mwaka wa pili.

Halafu chagueni timu za barabara moja. Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50, unapita Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali umefika, na ukiendelea mbele iko Webuye. Timu ya Kisumu, ya Vihiga, ya Kakamega na ya Webuye, hiyo tayari ni ligi, kila mtu anarudi kulala kwao. Nakuru wachezaji wako, Nakuru RFC walichukua Kenya Cup, ligi kuu ya raga ya 15, 2013 na 2014 na vijana wamekua wakiona mpira, shida ni barabara tu. Heri Nakuru wacheze kundi lao na mabingwa wa pande mbili wakutane mara moja mwishoni, kuliko timu ipande gari kutoka Nakuru hadi Kakamega kila baada ya wiki mbili, hakuna klabu ya mtaa inaweza hiyo.

Sasa nauli yenyewe. Kikosi ni 13 na sabu 4, ongeza kocha, meneja na mtu wa maji, hao ni 20, kwa hivyo matatu ya watu 14 haitoshi na mkijaribu kugawana na boda wengine watafika mechi imeanza. Mnahitaji minibasi. Fanyeni hivi: kabla ya msimu chukueni safari zote za ligi nzima, ulizeni bei ya gari ya kila safari, jumlisheni, gawanyeni sawa kwa klabu nne. Kila klabu inalipa kiwango kilekile hata kama yenyewe iko katikati na safari zake ni fupi. Wa katikati watalalamika, waelezeni pole pole kwamba yule wa mbali akianguka hata wao hawana mtu wa kucheza naye. Pesa ikae kwa akaunti ya pamoja, wa kusaini watoke klabu tofauti, na kila Jumatatu mweka hazina atume kwa group imeingia ngapi imetoka ngapi, bila kuulizwa. Kila klabu pia iweke amana mwanzoni, ukikosa kuja bila kuambia watu mapema amana inaenda kwa waliokungoja.

Na timu ikija na watu kumi, msiwarudishe nyumbani! Andikeni matokeo vile sheria yenu inasema lakini chezeni naini, watu 9 kwa 9, dakika 9 kila kipindi, hiyo ni aina ya raga inayojulikana kabisa. Watu wamekuja kuona mpira na refa ashalipwa.

Kuna kitu kuhusu huu mchezo ambacho kila meneja anafaa kujua. Ulizaliwa kwa sababu ya hii shida yetu. Mwaka wa 1895 pale Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, klabu zaidi ya ishirini zilijitoa kwa chama cha raga kwa sababu wachezaji wao walikuwa watu wa viwanda na migodi, wakicheza Jumamosi wanakatwa mshahara, na wakubwa walikataa walipwe hata ile pesa ya siku waliyopoteza. Kupunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 kulikuja baadaye, 1906. Kwa hivyo yule kijana wako wa boda anayeacha wateja wa Jumamosi ndio aje kucheza, usimuone kama ni msumbufu akiuliza kama kuna chakula baada ya mechi, mpikieni, ugali na maharagwe na chai haiwezi kushinda klabu.

Msimu. Wengi mtakaowapata wanacheza raga ya 15 na sevens, ile ya watu saba, na huwezi kushindana na hizo ratiba. Ligi ya 15 inaisha karibu na Mei halafu sevens zinashika, yakiwemo mashindano ya Prinsloo ya Nakuru na Dala ya Kisumu, sasa angalieni ratiba ya mwaka huo mjipenyeze pale katikati, karibu na Juni. Mechi ianze saa tano asubuhi, isizidi saa saba. Huku mvua ni ya alasiri na inakuja na radi, na hakuna mechi inachezwa na radi, mkisikia ngurumo wote watoke uwanjani na msirudi mpaka nusu saa ipite tangu ile ya mwisho.

Kwa vile wengi wametoka raga ya 15, mazoezi ya kwanza fundisheni kitu kimoja tu mpaka kiingie: baada ya takli mpira haugombaniwi. Aliyeangushwa anaachiliwa, anasimama, anaweka mpira chini mbele yake, anauzungusha nyuma kwa mguu, mwenzake anaokota. Wapinzani wawili tu ndio wanaruhusiwa kusimama mbele yake, wengine wote warudi mita 10. Kijana wa 15 ataingiza kichwa pale aibe mpira, na penalti kumi za kwanza zitakuwa hizo, na refa naye kama ni wa 15 atasahau apige filimbi vibaya, kwa hivyo refa akuje kwa mazoezi pia. Ukishikwa mara sita mpira ni wa wengine, ndio maana baada ya takli ya tano watu hupiga teke. Trai, yaani kugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari wa goli, ni pointi 4, teke la kuongeza baada ya trai 2, teke la penalti 2, dropu, teke la mpira uliodundishwa chini katikati ya mchezo, 1. Laini-auti, ile ya kurusha mpira ndani kutoka pembeni watu wakiruka, hakuna. Kwa jedwali mpeane pointi 2 kwa ushindi na 1 kwa sare, mkilingana mnaangalia tofauti ya pointi.

Uwanja wa shule unatosha, ombeni mapema na mwachie shule umesafishwa. Mistari mnaihitaji kila mita 10 ili refa aone ile kurudi nyuma. Tafadhali msichore na chokaa ya kujengea, ikilowa na jasho ama mvua inachoma ngozi, na ikiingia jichoni ni hospitali, na hawa watu wanaangushwa uso chini siku nzima. Tumieni rangi nyeupe ya maji mkiichanganya na maji mengi, ama maranda kutoka kwa fundi wa mbao, yanaonekana vizuri kwa nyasi. Milingoti ya mkaratusi iko sawa, mita 5.5 katikati na ule wa kulala uwe mita 3 kutoka chini, iliyosimama mwifunge magodoro ya zamani chini.

Bila mtu wa huduma ya kwanza na gari la kukimbiza mtu hospitali mechi isianze, hata kama watu wamejaa. Kila mchezaji awe amejiandikisha SHA, ile bima ya afya ya serikali, kabla apewe jezi. Akigongwa kichwa akazubaa, akayumba ama akasahau matokeo, anatoka na harudi siku hiyo hata kama anasema yuko fiti, na akitapika ama kichwa kizidi kuuma apelekwe hospitali mara moja. Hapo kapteni asisikilizwe, kocha asisikilizwe.

Mambo ya karatasi nayo msiyaache, andikeni katiba fupi mkasajili klabu kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, kwa sababu siku mtaenda kuomba kaunti uwanja ama kampuni ya sukari jezi, cheti ndicho wataomba kwanza.